Kombe na Madaraja: Mdogo Anapomwita Mkubwa Uwanjani

Tarehe 13 Aprili 2019, katika uwanja wa TP Mazembe ulioko Kamalondo, mjini Lubumbashi, Simba ya Dar es Salaam ilitangulia kufunga bao kwa mguu wa Emmanuel Okwi mapema mno, watu wakiwa bado hawajatulia vitini mwao. Lakini wenyeji, ambao juma moja kabla walikuwa wametoka suluhu bila bao huko Dar es Salaam, hawakutaharuki, bali walisawazisha, wakapita mbele, wakaendelea, na refa alipopuliza kipenga cha mwisho hesabu ilikuwa mabao manne kwa moja, na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika ilikwisha kuamuliwa. Mtu aliyetoka uwanjani siku ile alikuwa na haki ya kusema kwamba ameiona klabu kubwa ya Tanzania ikipimwa kwa klabu kubwa ya Congo, na kwamba mizani imekwisha kunena.

Lakini Simba hiyo hiyo ilikuwa imepimwa kwa mizani nyingine miezi isiyozidi minne nyuma. Tarehe 23 Disemba 2018 iliifunga Nkana ya Kitwe, Zambia, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, mabao matatu kwa moja, ikafuta deni la mechi ya kwanza na kuingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa shangwe kubwa. Siku tatu baadaye, tarehe 26, ikafungwa matatu kwa mawili na Mashujaa ya Kigoma, timu ya Ligi Daraja la Kwanza, ambayo huko Tanzania ilikuwa ndiyo ngazi inayofuata chini ya Ligi Kuu, ikatolewa katika Kombe la Shirikisho la Tanzania. Fauka ya hayo, mwaka mmoja kabla, Disemba 2017, Simba ikiwa ndiyo mwenye kombe hilo, ilitolewa na Green Warriors, timu ya Ligi Daraja la Pili, ngazi mbili chini yake, kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya bao moja kwa moja, na kocha wake Joseph Omog akaachishwa kazi papo hapo. Na lililo kubwa kuliko yote ni hili: katika misimu yote miwili, ule wa Green Warriors na ule wa Mashujaa, Simba ilimaliza ikiwa bingwa wa Ligi Kuu.

Jambo hili, ambalo laweza kumshangaza msomaji asiyefuata habari za kandanda, lina sababu zake zilizo bayana, nazo yafaa zielezwe kwa utulivu, maana katika mji wetu huu wa Lubumbashi, ambao mpira ni sehemu ya nasaba yake, wako wengi wanaodhani kwamba mdogo akimshinda mkubwa pana uganga au pana rushwa, na wakisha kusema hivyo huacha kufikiri.

Ligi hukusanya ushahidi kwa muda wa msimu mzima. Kila klabu hukutana na kila nyingine, nyumbani na ugenini. Refa aliyekuonea leo hufidiwa na mwingine atakayemwonea mwenzako mwezi ujao, mvua iliyoharibu kiwanja chako huharibu na cha jirani, aliyeumia hupona akarudi. Hata mwisho wa msimu mambo ya bahati yamekwisha kufutana, na kinachobaki ni uwezo, yaani wingi wa wachezaji, ubora wa mafunzo, na kina cha mfuko. Kombe la mtoano halina subira hiyo. Majina hutolewa kwa kura, wawili hukutana, mmoja husonga mbele na mmoja hurudi kwao, na hapana rufani. Tena mpira wa miguu ni mchezo wenye mabao machache kuliko karibu michezo yote mikubwa: lau mechi ingekuwa na mabao themanini, kama mpira wa kikapu, timu ya Kigoma isingeifunga Simba hata mara moja, lakini maadam bao moja au mawili hutosha kuamua, kosa moja la beki aliyelala, au mpira mmoja uliogonga mwamba ukarudi ndani badala ya nje, huwa na uzito sawa na kazi ya saa nzima.

Hili mdogo hulijua, na mchezo wake wote husimama juu yake. Hatafuti kucheza vizuri kuliko mkubwa, kwa kuwa hawezi; hutafuta kuipunguza mechi, kuifanya iwe na matukio haba, kuwarudisha watu wake nyuma ya mpira, na kuipitisha dakika ya ishirini, kisha ya arobaini, kisha ya sabini, hali ubao ungali unaonyesha sifuri kwa sifuri, akijua kwamba kila dakika inayopita bila bao ni mali yake na ni hasara ya mwenziwe. Mkubwa akifika dakika ya themanini bila bao huanza kupiga mipira mirefu kwa haraka, mabeki wake hupanda wote, na nyuma hubaki uwazi ambao kijana mmoja mwenye mbio aweza kuutumia. Na ikiwa hata hapo hapana mshindi, hufuata penalti, ambapo mtu mmoja husimama hatua kumi na mbili mbele ya mlinda mlango, na hapo tofauti ya mishahara haina la kusema.

Liko jambo jingine ambalo aghalabu halitajwi. Mdogo humjua mkubwa, ilhali mkubwa hamjui mdogo. Kijana wa daraja la chini amemwona nyota wa Ligi Kuu kila wiki katika televisheni, anajua mguu anaoupenda, anajua akipewa mpira pembeni atakata ndani au atakwenda chini. Nyota yule, kwa upande wake, huenda akalisikia jina la mpinzani wake kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Fauka ya hayo, mkubwa huja na akili iliyogawanyika. Simba ya Disemba 2018 ilikuwa imetoka kumaliza kazi ya Afrika siku tatu tu nyuma. Kocha wa timu ya namna hiyo huwapumzisha baadhi ya watu wake, na hata wale wanaoingia uwanjani huingia na mawazo yako kwingine. Mashujaa na Green Warriors, kwa upande wao, ni timu za jeshi, watu waliozoea nidhamu na mazoezi ya mwili, ambao kwa dakika tisini hawakuwa na jambo jingine lolote duniani la kufikiria.

Lubumbashi, nadhani, ina haki ya pekee ya kulizungumza suala hili, kwa sababu ni mji uliokalia viti vyote viwili, cha mkubwa na cha mdogo. Hapa kwetu ngazi za mpira zinajulikana hata na watoto: juu kabisa iko Linafoot, ligi ya taifa; chini yake daraja la pili la taifa; kisha ligi ya jimbo; na chini kabisa vilabu vya mji vilivyo katika Entente, chama cha mpira cha mji. Katika ngazi hizo zimepita CS Don Bosco, Lubumbashi Sport, Bazano na nyinginezo nyingi, baadhi zikipanda na baadhi zikishuka; na juu yao wote, tangu zamani za Élisabethville, jina la kale la mji huu, wamesimama watani wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1939. Mmoja ni Saint-Éloi Lupopo, klabu ya watu wa reli, ya rangi ya manjano na bluu. Wa pili ni Mazembe, iliyoanzishwa na mapadri wa Kibenedikto kwa jina la Saint-Georges, ikaitwa baadaye Saint-Paul, kisha Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, ikavaa nyeusi na nyeupe, hata watu wakaiita Kunguru. Mwaka 1966 Englebert ilitwaa ligi ya nchi, Kombe la Congo na Kombe la Katanga, yote matatu, na kwa ajili ya enzi hizo ikajipa cheo cha Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Mwaka 1967 na 1968 ikawa bingwa wa Afrika.

Naomba msomaji alitazame tena lile Kombe la Katanga katika hesabu ya mwaka 1966. Klabu iliyokuwa mwaka mmoja tu mbali na ubingwa wa bara zima haikuona kuwa ni dhalili kulichezea kombe la jimbo lake, na ilipolitwaa ililihesabu miongoni mwa fahari zake. Kombe la nchi nalo Mazembe ililitwaa mwaka 1966, 1967, 1976, 1979 na 2000. Na ule ushindi wa 1979 haukuwa mdogo, kwa kuwa kwa mlango wa kombe la nchi, si wa ligi, klabu iliingia katika Kombe la Washindi la Afrika, ikalichukua mwaka 1980 kwa kuifunga Africa Sports ya Abidjan. Hata leo desturi ni hiyo hiyo: bingwa wa kombe, Congo na Tanzania kadhalika, hupata njia ya kwenda Kombe la Shirikisho la Afrika, na timu ya daraja la chini ikiwa na bahati ya kutosha yaweza kujikuta katika ndege ya kwenda nchi ya mbali kabla hata haijapanda daraja nyumbani.

Hicho ndicho kiti cha mkubwa. Kiti cha mdogo Mazembe ilikikalia Abu Dhabi, katika Kombe la Dunia la Vilabu, ambalo kwa umbo lake la wakati ule lilikuwa kombe la madaraja hasa, ijapokuwa halikuitwa hivyo: bingwa wa Afrika, wa Asia, wa Amerika ya Kaskazini na wa Oceania walianza chini, wakatoana wao kwa wao, ilhali bingwa wa Ulaya na wa Amerika ya Kusini walisubiri katika nusu fainali kama wenye nyumba wanaosubiri wageni waoge kwanza. Mwaka 2009 Mazembe ilikwenda huko ikiwa bingwa wa Afrika, ikafungwa na Pohang Steelers ya Korea ya Kusini mabao mawili kwa moja, kisha ikafungwa matatu kwa mawili na Auckland City ya New Zealand, timu ya watu wa ridhaa wenye kazi zao nyingine za mchana. Siku ile mkubwa alikuwa Mazembe, na mdogo alimwonyesha.

Mwaka uliofuata mambo yakapinduka. Mazembe ilirudi Abu Dhabi chini ya kocha Lamine N'Diaye wa Senegal, bila nyota wake Trésor Mputu aliyekuwa amefungiwa, na wengi waliihesabu kuwa ni timu ya kuaga mapema. Tarehe 10 Disemba ikaifunga Pachuca ya Mexico kwa bao la Bedi. Tarehe 14 ikakutana na Internacional ya Porto Alegre, bingwa wa Amerika ya Kusini, klabu iliyolitwaa kombe hilo hilo mwaka 2006 mbele ya Barcelona. Wabrazili walishambulia kwa zamu, wakakuta mlangoni yuko Robert Kidiaba, mwenye nywele zilizosukwa, aliyekuwa kila mara mahali ambapo mpira ungefika. Dakika ya 53 Kabangu akafunga. Internacional wakaja wote. Na dakika ya 85, katika ule uwazi niliokwisha kuutaja, Kaluyituka akafunga la pili. Kidiaba akaketi chini, miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa matako juu ya majani ya eneo lake, kama ilivyo desturi yake, na dunia iliyokuwa haijamwona ikamwona. Ilikuwa mara ya kwanza klabu isiyo ya Ulaya wala ya Amerika ya Kusini kufika fainali hiyo. Siku nne baadaye Inter ya Milano, kwa mabao ya Pandev, Eto'o na Biabiany, ikashinda tatu kwa bila, na haki ikawa imetendeka pia, kwa kuwa Inter ilikuwa bora. Lakini hakuna mtu wa Lubumbashi anayeisimulia fainali. Wote husimulia Internacional.

Sasa yafaa kuuliza: je, Mazembe ingeweza kuifunga Internacional lau ingekuwa haikuruhusiwa kukutana nayo? Swali laonekana la kitoto, lakini ndilo kiini cha habari nzima. Thamani ya kombe haiko katika ushindi wa mdogo, ambao ni haba na utabaki kuwa haba. Iko katika haki yake ya kuitwa, ya kusimama katika mstari mmoja na mkubwa, kwa sheria zile zile, refa yule yule na mpira ule ule. Ligi, kwa hekima yake, huwatenga watu kwa tabaka. Kombe huwarudisha pamoja siku moja. Na mahali ambapo mkubwa huikwepa siku hiyo, ama kwa kutoshiriki ama kwa kuleta watoto wa akiba, haki hiyo hubaki katika karatasi tu.

Wafaransa, ambao sisi wa Congo tunausoma mpira wao kila siku, waliliona jambo hili zamani wakaliwekea kanuni. Katika kombe lao, kura ikiwakutanisha wawili ambao kati yao pana tofauti ya ngazi mbili au zaidi, mwenyeji huwa ni yule wa chini, hata kama kura ilisema vingine. Mkubwa hufunga safari kwenda mji mdogo, akabadilisha nguo katika chumba kidogo, akacheza mbele ya watu wanaoweza kumgusa. Kadhalika imekuwa desturi yao klabu ya kulipwa kumwachia mwenzake wa ridhaa fungu lake la mapato ya mlangoni. Kwa njia hiyo Calais, timu ya ridhaa ya daraja la nne, ilipita mwaka 2000 mbele ya Lille, Cannes, Strasbourg na Bordeaux hata fainali katika uwanja mkuu wa Ufaransa, ikaongoza kwa bao moja, ikasawazishwa, na ikashindwa na Nantes kwa penalti ya dakika za mwisho kabisa. Kombe lilipotolewa, Mickaël Landreau, mlinda mlango na nahodha wa Nantes, alimwita nahodha wa Calais wakaliinua pamoja. Nakumbusha tendo hilo kwa sababu ni la mshindi. Ni mkubwa aliyefahamu deni lake.

Husikika hoja kwamba klabu yenye mechi za Afrika haina wasaa wa kombe la nyumbani, kwamba viwanja vidogo huvunja miguu ya wachezaji wa gharama kubwa, na kwamba kufungwa na mtu asiyejulikana ni aibu inayoharibu jina. Hoja ya miguu ina uzito, nami siidharau. Lakini zile nyingine mbili hujibiwa na Simba yenyewe, ambayo baada ya kufungwa na Mashujaa haikupungukiwa na kitu: ilitwaa ligi msimu ule ule, na ikafika robo fainali ya Afrika, pale Kamalondo. Mashujaa, kwa upande wake, ilipanda hata Ligi Kuu mwaka 2023, na Aprili 2024, safari hii Simba ikiwa imekwenda Kigoma, ikaitoa tena katika kombe kwa mikwaju ya penalti. Aibu iko wapi katika habari hiyo? Mimi naona jina la Simba limetajwa Kigoma kwa miaka mingi na watu ambao pasipo kombe wangeitazama kwa mbali tu.

Liko na jingine ambalo wakubwa husahau: mechi ya mtoano ni dirisha. Mwaka 2011 kura ya Afrika iliikutanisha Mazembe, bingwa wa bara kwa miaka miwili mfululizo, na Simba; Mazembe ikashinda uwanjani, kisha ikaondolewa mashindanoni kwa kumchezesha mtu asiyestahili, baada ya Simba kushitaki. Hata hivyo katika mechi zile watu wa Lubumbashi walimwona kijana Mbwana Samatta wa Simba, wakamchukua mwaka huo huo, na mwaka 2015 akaipa Mazembe ubingwa wa tano wa Afrika kwa mabao yake, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa bara miongoni mwa wanaocheza Afrika. Ikiwa Mazembe ilimpata Samatta kwa kukutana na Simba, ni wangapi walioko katika mitaa yetu ya Katuba, Ruashi na Kenya ambao haijawapata kwa kutokutana nao?

Twende tukavitazame viwanja hivyo. Ni udongo mwekundu uliokanyagwa hata ukawa mgumu kama sakafu, mistari imechorwa kwa chokaa ambayo kufikia kipindi cha pili imekwisha kufutika, na mlinda mlango akianguka huinuka na bega jekundu na kiwiko kinachotoka damu, akajipangusa kwa suruali, akapiga mpira. Watu husimama mstarini kabisa, hata refa wa pembeni huwasogeza kwa mkono ili apite. Hapo ndipo wachezaji wa Lubumbashi walikozaliwa kimpira, wakubwa na wadogo, na hapo ndipo watu wanaowapenda wanakaa.

Kwa hiyo ninalolitaka si kubwa. Nataka kombe la jimbo na Kombe la Congo vichezwe na kila mtu, Mazembe na Lupopo wakiwamo, hata kama wataingia katika mzunguko wa baadaye, kama ilivyo desturi ya makombe mengi, kwa sababu ya mechi zao nyingine. Nataka kura ifanywe hadharani, mbele ya watu, mtu yeyote aweze kuiona. Nataka shirikisho la mpira la Congo liandike kanuni ya ngazi mbili, kwamba aliye chini ndiye mwenyeji. Na pale ambapo kiwanja cha mdogo hakina uzio wala chumba cha kubadilishia nguo, au askari wakasema hawawezi kuulinda umati, basi mechi ipelekwe katika uwanja wa Kibassa Maliba ulioko Kenya, ambao una nafasi ya watu wengi na uko jirani na mitaa yenyewe. Lakini jina la mwenyeji lisibadilike, viti vya mbele wapewe watu wake, na fedha za mlangoni, baada ya kulipwa refa na walinzi, zimfuate yeye, akanunue viatu na mipira, na akibaki na akiba, aweke uzio.